Mwanangu, usiende Keylong kutafuta Spiti

Marangu, Jumapili jioni

Mwanangu Aika,

Ujumbe wako tumeupata. Mama yako aliusoma kwa sauti, na alipofika kwenye jina "Spiti" nikamwambia arudie. Kumbe mitihani imekwisha na wenzako wa Chandigarh, huko India, wamekushawishi mpande milimani. Sikuwahi kukusimulia kwamba nami nilifika huko, maana safari yenyewe ilianza kwa aibu.

Ilikuwa Septemba 1998. Nilikuwa nasoma utawala hapohapo Chandigarh, na nilitakiwa kuandika insha kuhusu wilaya moja ya pembezoni. Nikaichagua Lahaul na Spiti, katika jimbo la Himachal Pradesh. Eneo lake ni zaidi ya kilomita za mraba 13,800, yaani mkoa wetu mzima wa Kilimanjaro unaingia na chenji inabaki. Watu sasa: sensa ya 2011 ilihesabu 31,564. Kata mbili tatu za huku kwetu zinawatosha.

Nikajiambia, makao makuu ya wilaya ni Keylong, basi nikifika Keylong nimefika. Nikapanda basi Manali, tukavuka mlima pale Rohtang, mita 3,978, tukateremka hadi Keylong. Jioni nikaingia mgahawani. Mwenye mgahawa akanimiminia chai, akauliza nimekuja kutafuta nini. Nikasema, Spiti. Mzee wa watu alicheka hadi wateja wakageuka. Akanionyesha kwa kidole kule nilikotoka. Keylong iko Lahaul, kijana. Spiti ni bonde jingine kabisa, ng'ambo ya mlima Kunzum. Rudi ulikotoka, pale Gramphu usubiri basi la Kaza, mji mkuu wa Spiti.

Sasa mama, chukua ramani uone nilivyochekwa kwa haki. Upande wa Lahaul kuna mito miwili, Chandra na Bhaga, inakutana Tandi, karibu na Keylong, na mbele ya safari inaitwa Chenab. Mto Spiti wenyewe unaelekea kusini-mashariki na kuingia Sutlej mahali paitwapo Khab. Maji yenyewe yamepeana kisogo, hadi Pakistan huko ndiko yanakuja kukutana tena. Katikati umesimama mgongo wa Kunzum, zaidi ya mita 4,500, na barabara yake hufungwa na theluji karibu nusu mwaka. Babu yako, aliyebeba mizigo ya wageni mlimani kwetu, angekwambia huo ni urefu wa kukaribia Kibo Hut, kambi ya juu kule Kilimanjaro. Na hapo ni barabara ya basi!

Nani aliyafunga mabonde haya kamba moja? Mwingereza, kwa sehemu kubwa. Mwaka 1846, baada ya kuwashinda Masingasinga vitani, alijipatia Kullu na Lahaul. Spiti ilikuwa ya Ladakh, ufalme wa zamani upande wa kaskazini, na Ladakh ilikwenda kwa Gulab Singh, mtawala wa Jammu. Lakini Mwingereza akaibakiza Spiti mkononi, akampa Gulab Singh ardhi kwingine, kwa sababu alitaka njia ya kufikia sufu ya nyanda za juu za Changthang bila kupita kwa mtu. Nilipoisoma habari hiyo nilisikitika kidogo. Bonde lenye nyumba ya ibada ya mwaka 996 likabadilishwa mkono kwa ajili ya sufu ya mbuzi.

Alipolipata hakukaa. Nani angekaa? Alimwachia mtawala wa kienyeji, aliyeitwa Nono wa Kyuling, akusanye kodi na kuamua kesi, na mwaka 1873 akamtungia sheria maalumu ya kumpa nguvu hizo. Ukilisikia hilo utawakumbuka wamangi wetu. Mchezo ulikuwa uleule, ila Tanganyika ulikuja nusu karne baadaye, na sisi tuliufuta 1963. Hata cheo cha "DC" utakikuta Keylong, na kazi ni ya mkuu wa wilaya, ingawa kirefu chake kule ni tofauti kidogo na cha huku.

Wilaya kamili ilizaliwa 1960, ikiwa bado chini ya Punjab. Miaka hiyo mpaka na Tibet ulikuwa umeanza kuitia India wasiwasi. Mwaka 1966 ikahamishiwa Himachal. Lakini karatasi haiyeyushi theluji. Kwa hiyo Kaza kuna mkuu wa wilaya msaidizi mwenye mamlaka mapana, na idara za serikali kule zinawajibika kwake, ili mwalimu au bwana shamba wa Spiti asingoje Kunzum ifunguke ndipo jambo lake liamuliwe. Katika miaka yangu yote ya ofisi za tarafa sikuona mpango uliokubali ukweli wa ardhi namna ile. Bunge la jimbo, hata hivyo, wana kiti kimoja tu kwa mabonde yote mawili. Hapo sijui mgombea anaombaje kura.

Tangu Oktoba 2020 kuna handaki chini ya Rohtang, kilomita 9 na ushee, kwa hiyo watu wa Lahaul hawafungiwi tena kama zamani, walipokuwa wakingoja helikopta kutoka wakati wa baridi. Spiti bado iko nyuma ya mlango wake. Mkienda Juni mapema, piteni Shimla na Kinnaur. Kipande cha karibu na mpaka kinahitaji kibali kwa sisi wageni, kichukueni mji wa Reckong Peo, hukohuko Kinnaur. Na mkifika Kaza, mita 3,600 na zaidi, siku ya kwanza kaa chini unywe maji. Wewe Mchaga mlima usikutie kiburi. Mimi nilitapika kijiji cha Losar mbele ya kina mama waliokuwa wakivuna shayiri.

Tabo, ile nyumba ya ibada ya mwaka 996, usiikose. Kwa nje utasema ni ghala la udongo. Mtawa alinifungulia mlango mdogo, ndani giza na harufu ya samli iliyoungua, akawasha tochi, na ukuta mzima ukatoa nyuso zilizochorwa karibu miaka elfu moja iliyopita. Akazima, akanisukuma taratibu nitoke, nikainua kichwa mapema nikagonga kizingiti. Kovu unalijua. Nilikudanganya kwamba ni baiskeli.

Kitu kimoja nakutuma. Desturi ya Spiti ni kwamba kijana wa kwanza anapooa, anachukua nyumba kubwa na shamba lote, wazazi wanahamia nyumba ndogo yenye kishamba chake. Ile kubwa huitwa khangchen, ndogo khangchung. Wadogo zake wa kiume zamani walipelekwa utawani, ndiyo maana shamba halikukatwakatwa. Kwetu kihamba cha nyumbani ni cha kitindamimba, na wa katikati mnatafuta mji. Kitindamimba wetu anaoa Desemba, unajua. Mama yako na mimi tumeanza kuzungumza habari ya nyumba ndogo. Yeye anaitaka nyuma ya migomba, karibu na zizi, asikie ng'ombe usiku. Mimi naitaka upande wa barabara, nione wapitao. Ukiwa huko chunguza wenyewe huijenga upande gani wa ile kubwa, na kama moshi wa jiko moja hauingii kwa mwenzake. Piga picha. Fundi anakuja kupima wiki ijayo Jumatano.

Baba yako