Somo, nimeshona sketi ya mwanamume

Glasgow, 9 Novemba

Somo yangu,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na goti la mama limepoa. Sisi huku hatujambo, ila jua limeshaanza utoro wake wa kila mwaka. Saa kumi na moja jioni giza limetanda, nami nikirudi zamu naona kama ni saa nne usiku.

Ulinicheka sana kwenye simu niliposema nashona sketi ya mwanamume, hata hukunipa nafasi ya kueleza. Sasa soma. Mwanao ana sherehe ya shule mwezi ujao, kabla ya likizo ya Krismasi. Watacheza ngoma zao za keili, zile za kushikana mikono na kuzungushana mpaka mtu apate kizunguzungu, na wavulana wengi huvaa kilti, ndiyo hiyo sketi yenyewe. Kukodi ni pesa. Ya fundi, ya sufu halisi iliyoshonwa kwa mkono, ni mamia ya pauni. Mita moja tu ya kitambaa chenyewe inapita 50. Nikajisemea, mimi niliyekaa na wewe miaka sita kwenye baraza moja Ngamiani, Tanga, cherehani kwa cherehani, tukishona sare za shule, nishindwe na marinda?

Nimeshindwa mara mbili. Ya tatu ndiyo hii inayoning'inia mlangoni nikikuandikia.

Mara ya kwanza kiliniponza kitambaa. Nilikwenda gulio la Barras Jumapili moja, nikakuta jora la drafti nyekundu, bei ya kutupa, nikachukua mita 4 bila hata kukigeuza. Nakigeuza nyumbani: ndani cheupe! Kumbe rangi zimechapwa juu juu. Tartani, ile drafti ya kilti, haichapwi, inafumwa, rangi ziko ndani ya nyuzi. Uzi unapita juu ya mbili na chini ya mbili, ndiyo maana ukikazia macho unaona vistari vya mshazari, na pande zote mbili zinafanana. Sasa, kilti huanza kwa kukichana kitambaa katikati kwa urefu wake, kwa sababu upana ni kama inchi 58 na mwanao anahitaji 24 tu. Vile vipande viwili unaviunga ncha kwa ncha, na kiungo unakificha ndani ya rinda. Nilipochana, mpasuko ukafuata nyuzi na michoro ikashika njia yake. Kufika mwisho, mstari mweusi umepanda inchi nzima. Kile sasa ni foronya.

Nikarudi, safari hii na miwani. Nikapata mchanganyiko wa polista na viskosi, uliofumwa kweli, bado rahisi. Ni ile tartani nyekundu ya Royal Stewart, unaijua hata kama hujui jina lake, iko kwenye makopo ya biskuti. Mwenzangu mmoja kazini aliponiona nayo akaniuliza kama hiyo ndiyo shuka ya Kimasai aliyoiona kwenye televisheni. Nikamwambia ndiyo, nimeitoa nyumbani. Mungu anisamehe.

Hapa ndipo patakapokufurahisha, somo. Tartani hujirudia: ukianzia mstari mweupe ukahesabu mpaka mweupe mwingine kama ule, umemaliza mchoro mmoja, wenyewe huita seti. Yangu ina inchi 6. Sare zetu tulikuwa tunakunja tu, drafti ikaangukia inakoangukia, nani aliuliza? Huku hawakubali. Kila rinda linameza seti nzima kwa ndani na kuonyesha robo tatu ya inchi kwa nje, na hiyo robo tatu lazima ianzie pale rinda la jirani lilipoishia. Ukimaliza, nyuma yote inasomeka kama kitambaa ambacho hakikukunjwa. Wanajeshi wana mtindo wao mwingine, kila rinda lionyeshe mstari uleule, hata nyuma ikawa haifanani kabisa na mbele. Basi hesabu mwenyewe: marinda 24, kila moja linakula inchi 6 na robo tatu. Yadi 4 na nusu zinaishia kwenye makalio ya kijana mmoja! Mbele hakuna rinda, ni vipande viwili bapa vinavyolaliana, huitwa aproni.

Na hapo kwenye hesabu ndipo nilipoanguka mara ya pili. Nyonga zake ni 36, kiuno 30. Nyuma inabeba nusu, yaani 18 nyongani na 15 kiunoni. Kwa hiyo kila rinda lina robo tatu chini, na juu nusu na thumuni, ile moja ya nane. Tofauti ni thumuni moja ya inchi. Nikaona kitu chenyewe hicho, jicho langu linatosha. Jicho likanipunja nusu ya thumuni kila rinda, mara 24: inchi moja na nusu. Mwanao akavuta tumbo, akavuta pumzi, kilti haikufunga. Nikafumua yote usiku uleule, na sauti yako ikinipigia kelele masikioni, "Somo, futi inafanya nini shingoni, ni mkufu?" Kingekuwa sufu ningelia. Hiki nilikifumua nikinywa chai.

Nilipokuwa nafumua nilimwaza babu na kikoi chake. Zamani watu wa milimani huku hawakuwa na habari za kushona marinda. Walikuwa na shuka refu la sufu. Mtu anajikunjia, anafunga mkanda kiunoni, sehemu ya juu anaitupia begani, na usiku ndilo hilo hilo blanketi. Baada ya uasi wa 1745 serikali ikapitisha sheria mwaka 1746 kuwakataza wanaume nguo hizo, na haikufutwa mpaka 1782. Halafu 1822 mfalme George IV mwenyewe akaja Edinburgh amevaa kilti, na mabwana wakubwa wakagombania tartani. Nguo ya mlalahoi ikishavaliwa na mfalme, bei inapanda; hilo hata Ngamiani tunalijua.

Ya tatu nimeipima kila rinda, juu na chini, nikapiga bandi, kisha nikashona kwa mkono kutoka nyongani hadi kiunoni. Chini ya nyonga marinda yako huru. Mafundi wa hapa hukata kitambaa cha ziada kwa ndani, sehemu ya juu, pasivimbe, wakaweka kitambaa kigumu kama kile cha kola, halafu bitana. Mkasi ulinitetemeka mkononi lakini nimekata. Upindo ulinisumbua. Kilti ya sufu haipindwi chini, ukingo wa kiwandani unatosha. Wangu ulikuwa na vitundu na maandishi, ikabidi nipinde kabla ya kukunja marinda, nyembamba kadiri nilivyoweza. Na pasi! Polista ikiungua kidogo tu inang'aa kama kipara. Naweka juu yake kitambaa chenye maji na siki kidogo, na bandi sitoi mpaka marinda yakubali.

Bibi wa ghorofa ya chini alikuja kukagua, hakualikwa. Akakuta nimeshikiza matamvua upande wa kushoto. Akatikisa kichwa, akachukua pini zangu, akayahamishia kulia kimyakimya, ndiko aproni ya juu inakofungukia. Kisha akanywa chai yangu. Bizimu tatu nimezitoa kwenye mkoba mchakavu.

Jana mwanao ameivaa, imefunga. Akafurahi, akashuka ngazi mbili mbili, na rinda la saba likaachia pale mshono unapoishia nyongani. Sasa nataka kukuuliza. Sketi zako zilikuwa zinamaliza mwaka mzima kwa mabinti wanaoruka kamba, yangu haikumaliza ngazi. Najua ulikuwa unarudisha uzi mara tatu, lakini kulikuwa na kitu ukikifanya kwa kidole gumba kabla ya kukata, na miaka yote ile sikukiuliza. Nirekodie kwa simu. Mkono tu, sura si lazima, najua hupendi. Sherehe ni tarehe 12.

Msalimie mama, na watoto wote.

Wasalaam,
Somo yako