Maabara bila maswali hazitatupa dawa

Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita ilidai kwamba tutagundua dawa zetu wenyewe siku tutakapopata mashine za kutosha. Mimi ni fundi sanifu maabara mstaafu, mashine nazipenda kuliko wengi, lakini hapo siafiki.

Chukueni dawa ya mseto tunayomeza kwa malaria tangu dawa za zamani, klorokwini na SP, ziliposhindwa. Chimbuko lake ni mmea wa Kichina, qinghao. Mwaka 1969 mtafiti Tu Youyou wa Beijing aliingizwa katika Mradi 523, kazi ya siri ya jeshi la China iliyoanza kwa sababu askari wa Vietnam Kaskazini walikuwa wakifa kwa malaria. Kikosi chake kilijaribu kwa panya dondoo zaidi ya 300, yaani viini vilivyotolewa kwenye mimea. Qinghao mara ilizuia vimelea vizuri, mara haikufua dafu. Wengi wangeandika "haifai" na kuchukua chupa inayofuata. Yeye akauliza: mbona inageukageuka? Akarudi kwa tabibu Ge Hong wa karne ya 4, aliyeagiza majani yalowekwe majini, yakamuliwe, mgonjwa anywe maji yake. Moto hautajwi. Kumbe joto ndilo lililoharibu dawa! Akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 hivi tu, na Oktoba 1971 dondoo namba 191 ikafagia vimelea vyote kwa panya. Nobeli ikaja 2015.

Nitaambiwa wingi nao una baraka. Ni kweli: jeshi la Marekani lilipima kemikali zaidi ya laki mbili, likapata dawa ya malaria iitwayo meflokwini. Fedha hizo sisi tunazo?

Katika chuo kimoja nilikosimamia mafunzo ya vitendo, mwanafunzi aliuliza kwa nini tunachemsha mwarobaini badala ya kuuloweka. Akaambiwa afuate mwongozo, mtihani umekaribia. Mwongozo wenyewe ulikuwa fotokopi iliyofifia, na hakuna aliyejua nani aliuandika. Kijana akawasha jiko.

Naomba wakuu wa vyuo watenge alama kwa mwanafunzi anayeeleza kwa nini majibu yake yametofautiana na ya wenzake. Kwa sasa huyo ndiye anayekatwa alama, na wajanja wameshajua dawa yake: wananakili namba za jirani.

Fundi sanifu mstaafu,
Tanga