Kiraka cha faiba hubanduka kwa sababu ya maji, si gundi

Mhariri,

Viraka vya faiba (nyuzi za kioo zilizoshikwa kwa gundi) vinavyobanduka kwenye boti za mbao hapa Kigoma, Kibirizi hadi Ujiji, mara nyingi havina kosa la gundi. Mbao zilikuwa bado na maji. Chombo kipandishwe nchi kavu, kikwanguliwe rangi yote, kikauke kivulini kwa wiki kadhaa. Haraka hapa ni hasara tupu.

Boti ikiwa ya faiba yenyewe, kingo za ufa zilazwe kwa msasa namba 80: ganda la milimita 5 linataka mteremko wa milimita 60 kila upande.

Kosa kubwa ni hadina, dawa ya kugandisha gundi. Resini (gundi ya maji) ya aina ya poliesta huchukua hadina asilimia 1 hadi 2, na fundi akitaka ikauke upesi huongeza kidogo. Akifanya hivyo kwenye epoksi, resini ya aina nyingine, kiraka hubaki laini daima! Fuata kipimo cha kopo, resini 2 kwa hadina 1 au 5 kwa 1. Changanya kidogo kidogo, maana ikijaa kikopo huchemka hadi kutoa moshi.

Epoksi ikishakauka, osha utando wa utelezi unaobaki juu yake kwa maji kabla ya kupiga msasa. Tafadhali, msipake poliesta juu yake, haishiki vizuri.

Fundi boti,
Kibirizi, Kigoma