Vile Vichwa vya Rangi Ndani ya Redio Si Skrubu

"Hujabadilisha kipuri hata kimoja, umezungusha vijiskrubu tu, halafu bei yote hiyo?" Mteja alituambia hivyo sisi mafundi redio juzi mbele ya wenzake, na si wa kwanza. Inatuuma, maana kwenye hivyo "vijiskrubu" ndiko kazi iliko.

Redio ya AM haikuzi wimbi la stesheni hivi hivi tangu mwanzo hadi mwisho. Ina osileta inayotoa wimbi lake yenyewe, na miksa inayachanganya hayo mawili. Ukitafuta stesheni ya kilohezi 1000, osileta inatakiwa iwe kwenye 1455. Ile tofauti ya 455 ndiyo inayopita kwenye koili (nyuzi za shaba zilizozungushwa ndani ya vikopo vidogo) na kukuzwa, na popote utakapogeuza lazima ibaki ile ile. FM ni vivyo hivyo, ila kwa kawaida tofauti ni megahezi 10.7.

Sasa redio ikififia, mtu anaifungua, anaona vikopo vya bati vyenye vichwa vyekundu, vya njano, vyeupe na vyeusi, anadhani vimelegea. Anavikaza kwa bisibisi ya chuma. Hivyo ni viini vya koili, vya feraiti, kitu cha sumaku kinachovunjika kama kigae; vinapasuka na kunasa humo humo! Chekundu mara nyingi ni cha osileta. Ukikigusa, stesheni zote zinahama. Tuliwahi kuletewa redio iliyokatika uzi wa koili ya antena tu, kazi ya kulehemu mara moja. Mwenyewe alikuwa ameshakaza koili zote. Kuzitafuta nyingine za aina ile kukamgharimu zaidi ya ule uzi, tena kwa mbali sana.

Sisi tunaanza na koili za 455 kwa jenereta ya mawimbi na kibisibisi cha plastiki. Ndipo tunaenda kwenye osileta: upande wa chini wa masafa kwa kiini, upande wa juu kwa trima, yaani kapasita ndogo ya kurekebishia. Ukisawazisha huku, kule kunasogea, kwa hiyo tunarudia hadi pande zote zitulie. Hatua ya kusawazisha antena inafuata. Wanaoiruka ndio wanaotuletea redio ikiwa kwenye 600 huku stesheni ya 1510 inaimba juu yake, kwa sababu 1510 nayo inatofautiana na osileta kwa 455. Hatua hiyo hatuiruki, na bei yake hatuipunguzi.

Kama umeshazungusha kitu, tuambie ni kipi unapoileta. Tutaanzia hapo, na utalipia muda mchache zaidi.