Aliyeaga hakutoroka

Mhariri,

Nalisoma gazeti lako tangu nikiwa kijana na sijawahi kukuandikia hata mara moja. Kilichonishikisha kalamu ni ule ukurasa wenu wa lugha wa Jumapili iliyopita, uliowafundisha wasomaji kwamba kitenzi cha Kiingereza "abscond" ni kukosa kufika kazini bila ruhusa.

Sivyo. Neno hilo lina asili ya Kilatini, abscondere, yaani kuficha kitu mbali. Mhispania hadi leo akificha kitu husema esconder, na asili ni hiyo hiyo. Lilipoingia katika Kiingereza, karne ya 16, mtu aliweza hata kulitumia kwa kitu alichokificha. Baadaye ndipo likabaki kwa mtu anayejificha mwenyewe, hasa anayekwepa mkono wa sheria. Pasipo kificho neno hilo halina mahali.

Nalishikilia neno hili kwa sababu liliniumiza. Mwaka 1998 mama yangu alifariki Lamu. Nilikuwa mtunza stoo wa kampuni moja hapa Mombasa. Nilimuaga msimamizi wangu ana kwa ana, nikamkabidhi bawabu funguo zote, naye akatia sahihi kwenye daftari la zamu. Tukazika, tukakaa matanga, nikashughulikia mambo ya wadogo zangu, siku ya tisa nikarudi. Getini bawabu alishindwa kunitazama usoni. Picha yangu ilikuwa imetoka gazetini, gazeti hili hili lako, ile picha ya kitambulisho cha kazi, juu yake "TAHADHARI KWA UMMA" na chini yake Kiingereza kwamba "nime-abscond" na atakayefanya biashara nami kwa jina la kampuni, shauri yake. Mwenye duka la mtaani akaninyima unga wa mkopo niliozoea kuchukua kila katikati ya mwezi. Binti yangu, wakati huo darasa la nne, akaulizwa na wenzake baba yake kaiba nini. Kaiba nini! Walimuuliza hivyo kwa sababu kila anayelijua neno lile anajua mtu hajifichi bure. Mimi nilikuwa makaburini mchana kweupe, mbele ya watu.

Na hayo matangazo yenyewe, mhariri, mnayapokeaje? Mei 1796 magazeti ya Philadelphia, Marekani, yalichapa tangazo lililoanza na neno hilo hilo. Mwanamke aliyeitwa Ona Judge, mtumwa aliyemhudumia mke wa Rais George Washington, alikuwa ameondoka nyumbani kwa Rais, na atakayemrudisha aliahidiwa dola 10. Yeye alijificha kweli, na alikuwa na haki ya kujificha. Alifika New Hampshire, hakurudishwa tena utumwani, akafa huko mwaka 1848. Gazeti lililipwa, likachapa la bwana peke yake. Miaka mia mbili baadaye nanyi mlifanya vivyo hivyo. Hata leo binti wa kwetu akimkimbia mwajiri wa Uarabuni aliyemzuilia pasipoti na mshahara, kule anaandikishwa kuwa mtoro, na nyinyi mnaandika "atoroka" bila kuuliza alikuwa anakimbia nini.

Ninachotaka ni hiki. Tangazo la namna hiyo lisipokelewe bila nakala ya barua aliyopelekewa mfanyakazi, yenye tarehe na sahihi ya aliyeipokea. Mfanyakazi naye apewe siku 14 za kujibu, ukurasa ule ule, ukubwa ule ule, bila malipo. Na ukurasa wa lugha usahihishwe Jumapili hii, pale juu, msiutupe chini karibu na fumbo la maneno.

Bawabu yule alinitolea nakala ya ukurasa wa daftari. Ninayo hadi leo, na sahihi yake inasomeka.

Mtunza stoo mstaafu,
Mombasa