Mhasibu tunagawana, wa teknolojia je?

Mhariri, naomba nafasi kidogo niongee na wenzangu wenye biashara ndogo hapa Moshi na Arusha, hasa sisi wa ofisi za kupandisha wageni mlimani.

Wengi wetu hatuna mhasibu wa kudumu, tuna yule anayekuja tarehe 20 ikikaribia kupeleka ritani ya VAT, anashinda na marisiti yetu siku moja mbili, tunamlipa, anahamia kwa mwingine. Hakuna anayeona ajabu. Ila kwenye teknolojia tumejisahau kabisa, kitu kikiharibika tunamwita kijana wa kompyuta na yeye ndo tunamkabidhi kila kitu.

Mimi yalinikuta mwaka jana mwezi wa 7, msimu wenyewe. Asubuhi websaiti haifunguki, nkadhani ni intaneti, mpaka mgeni wa Ujerumani akanitumia wasapu kwamba imeili zake zinarudi. Kumbe domeini yetu ya .co.tz, yaani lile jina la websaiti na imeili zetu, imeisha mda, na haikua hata ya kwetu, kijana aliyetutengenezea aliiandikisha kwa jina lake, taarifa za kulipia zinaenda kwenye imeili yake ya zamani, na mwenyewe keshahamia Dar simu haipatikani. Siku 9 ofisi haina imeili, watu wanaulizia njia ya Machame, wanaulizia ya Marangu, sisi hatuwaoni. Simlaumu sana yule kijana, kazi aliifanya vizuri, ila ofisini hapakua na mtu wa kuuliza hii ni mali ya nani.

Huyo mtu ndo ninayemsemea. Sio fundi. Ni mtu aliyewahi kuongoza kitengo cha IT mahali, unamchukua siku 2 au 3 kwa mwezi, anakaa na wewe bosi mezani, anasoma mkataba wa mfumo kabla hujasaini, anakwambia programu hii ya bukingi acha kwanza, na bakapu, zile nakala za akiba za kazi zenu, anajaribu mwenyewe kuzirudisha, haambiwi tu zipo akaridhika. Halafu kuna zile nakala za paspoti za wageni tulizojaza kwenye laptopu ya mapokezi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023 na inataka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, jamani wangapi tumeenda?

Kumuajiri mtu kama huyo peke yako huwezi, mshahara wake unameza faida yote. Ofisi 3 au 4 mkigawana inawezekana, mradi kila mmoja awe na mkataba wake, paswedi zibaki kwa mwenye biashara, na asihudumie washindani wawili bila wenyewe kujua.

Sisi tumeanza mwezi huu, mimi, duka la spea na hosteli moja hapa jirani. Siku ya kwanza kaomba tu tumwonyeshe domeini zimeandikwa jina la nani. Mwenye hosteli akafungua daftari la kaunta, paswedi zote ziko ukurasa wa nyuma kwa wino wa bluu, na domeini ina jina la shemeji yake aliyeko Mwanza. Wakampigia hapo hapo.

Mwenye ofisi ya utalii,
Moshi