Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Ile Jumamosi ya Vibanda na Pesa ya Matanga

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama wa omena na wa mboga, vijana wa mitumba na nyote mmefika, hamjambo. Asanteni nyinyi mlioacha biashara mkakuja. Nasema hivyo nikiangalia viti vya huko nyuma vile viko, kwa daftari tuko wanachama 146 na leo hata 50 hatufiki. Hiyo nitairudia.

Mambo ya kawaida mnayajua so nitaenda mbio. Tulizika wanachama wawili na wazazi wa wanachama saba, na kila familia ilipata rambirambi yake. Mitaro ya upande wa samaki ilizibuliwa kabla ya mvua kubwa, stima ya lango la chini ilirudi, choo kilipata maji, na ile kesi ya watu wa nyanya na watu wa boda iliisha kwa mazungumzo. Kamati itawaambia nani alikuwa anapiga hizo simu zote. Lakini najua hamkuja kusikia mambo ya mitaro, mmekuja kuuliza kuhusu ile shilingi 18,400 kamati ilitoa kwa akaunti ya matanga kupigania vibanda.

Naanza mwanzo kabisa kwa sababu kwa grupu yetu ya WhatsApp yalisemwa mengi na wengi waliosema hawakuwepo. Lile tangazo la kusajili vibanda upya lilibandikwa kwa mlango wa choo na selotepu, Alhamisi jioni, karatasi moja, hakuna sahihi wala muhuri. Lilisema usajili ni Jumamosi hiyo moja tu, mwenyewe afike na kitambulisho, hakuna kutuma mtu, na asiyefika kibanda chake kitapewa mwingine. Ofisi iliyotoa siitaji hapa, mnaijua. Sasa niambieni, hapa Kisumu ni nani hajui kuna watu wangapi wanaabudu Jumamosi? Kwetu hapa sokoni ni wengi sana.

Kuna mama mmoja wa omena, meza yake iko karibu na yangu. Ijumaa hiyo alikuwa anafunga gunia mapema kama kawaida yake, jua likianza kushuka upande wa ziwa yeye huwa ashamaliza, gorogoro yake ya kupimia ameifunika juu ya meza. Nikamuuliza, mama, kesho utafanya aje? Akaniambia, mwenyekiti, kesho mimi niko kanisani, wakitaka kuchukua hii meza wachukue. Akabeba kikapu akaenda. Hiyo meza amekaa nayo kuliko miaka yangu mimi hapa sokoni na imemsomeshea watoto wote. Mimi si Msabato, mnajua mimi ni wa Jumapili, lakini hapo nikaona kama mwenyekiti atanyamaza basi hakuna haja ya kuwa na mwenyekiti.

Usajili ukafanywa Jumamosi, na Jumatatu orodha ikatoka, wanachama wetu 39 vibanda vyao vimeandikwa viko wazi. Viko wazi na mizigo yao iko ndani! Jioni hiyo hiyo niliita kamati, tukafika watano kati ya tisa, na watano ndio akidi, hakuna mahali katiba ya chama ilivunjwa. Pia inaruhusu kamati itumie hadi 20,000 kwa dharura bila kungoja mkutano mkuu. Akaunti ya kawaida ilikuwa karibu tupu, na sababu yake nyinyi wenyewe mnaijua, kwa hivyo tukatoa kwa ya matanga. Wakili wa kutuandikia barua alichukua 12,000, nauli 3,900, kuchapa na fotokopi 2,500. Basi. Hakuna soda, hakuna chakula, hakuna mtu aliweka mfukoni.

Wengine mmesema hiyo ni pesa ya chama imeingizwa mambo ya kanisa. Nimesikia hata mzee ninayemheshimu akisema hao 39 si wangeomba ruhusa kanisani siku moja tu. Wazee wangu, Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 32, inasema mtu hawezi kunyimwa haki yake kwa sababu ya dini yake na hawezi kulazimishwa kufanya kitu kinachopinga imani yake. Imeandikwa hivyo, sikutunga mimi. Kifungu cha 47 nacho kinasema ofisi ya serikali ikifanya uamuzi unaokuumiza, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Na mwaka wa 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba wanafunzi Wasabato wasilazimishwe masomo siku yao ya ibada. Kama mtoto wa shule amelindwa, mama wa omena asilindwe kwa nini? Na leo ukisema ni shida ya Wasabato, kesho wakiweka usajili Ijumaa saa saba mchana, ndugu zetu Waislamu wa nguo tutawaambia waache swala? Mimi kwa hilo sitasonga hata mkinitoa kwa hiki kiti.

Barua ilienda, na pamoja nayo tuliomba kwa maandishi tuonyeshwe ni nani aliamua ile siku na vibanda vilikuwa vinapewa nani. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 kujibu. Wengi hamjui hiyo sheria, na hata kwa Ombudsman, ile ofisi ya kusikiliza malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za serikali, unaweza kupeleka malalamiko bure kabisa bila wakili, ukitaka kujua njia nitakuonyesha. Kwa hayo majina hatujajibiwa mpaka leo na bado nafuatilia. Lakini ilitangazwa siku nyingine ya usajili, Jumatano, safari hii karatasi iko na muhuri. Kati ya wale 39, 34 wako na vibanda vyao leo. Watano bado, na sitapumzika mpaka wapate.

Sasa kitu kiliniuma. Siku ya kupeleka malalamiko pale ofisini nilitangaza kwa spika, nikaandika kwa grupu, watu wakajibu "tuko nyuma yako mwenyekiti", vidole gumba vikajaa. Asubuhi kwa geti tulikuwa watu 11. Hata wengi wa wale 39 wenye vibanda hawakuonekana! Naelewa woga. 2024 vijana wetu walitoka kwa sababu ya mswada wa fedha na kuna ambao hawakurudi nyumbani. Lakini Kifungu cha 37 kinakupa haki ya kukusanyika na kupeleka malalamiko kwa amani bila silaha, na kubeba bahasha mpaka kwa kaunta na kugongewa muhuri wa kupokelewa si vita. Tulifanya hivyo na hakuna mtu alitugusa.

Wazee wetu walifanya makubwa zaidi na hawakuwa na Katiba ya kuwalinda. Desemba 1921 kule Lundha, Gem, watu walikusanyika, mwenyekiti wao Jonathan Okwiri, wengi wao walimu wa misheni, wakakataa kodi ya nyumba iliyopanda na kipande, kile kitambulisho cha mkoloni cha kuvaa shingoni. Walikuwa na kazi za kupoteza. Mwaka uliofuata gavana mwenyewe alikuja Nyahera, hapo juu tu, kuwasikiliza. Hao ndio waliitwa Piny Owacho, yaani nchi imesema. Sisi ni wajukuu wa hao watu na tunaogopa kaunta.

Michango. 200 kwa mwezi, watu 146, kwa mwaka ni 350,400. Tulipata 171,800. Kuna watu hawajalipa tangu Januari na ndio wa kwanza kuuliza pesa ya matanga imeenda wapi, na akifiwa yeye atataka yote kamili, na tutampa kwa sababu sisi si watu wabaya, lakini itoke wapi?

Kuhusu mbele, tunatarajia kurudisha ile 18,400 kwa akaunti ya matanga pole pole michango ikiingia. Mungu akijalia tufikirie sacco, taa za sola upande wa mitumba, na mtu wa kutufundisha haki zetu hata kama ni mara moja.

Risiti zote na barua yenye muhuri ziko kwa faili ya mweka hazina, yeyote aje aangalie, hata sasa. Naomba mweka hazina asome hesabu, halafu mnipigie kura vile mnaona.